Kosa la Ukurasa wa Tatu

Hilaire Poinsot alifundisha dansi mjini kwetu Dijon tangu ujana wake hadi mvi zilipomjaa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkuta amelewa, wala aliyemwona akishika mkono wa binti wa watu kupita kazi ilivyomtaka. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu yanayofuata si ya kumsifu. Wengi hudhani kwamba mabaya makubwa hutendwa na watu wabaya. Nimeishi vya kutosha kuona kwamba mara nyingi hutendwa na mtu mwema anayeogopa kuchekwa.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye koti la kahawia lenye mifuko mirefu. Katika mfuko mmoja alibeba fidla ndogo, nyembamba kama mwiko, ambayo walimu wa dansi huipiga wenyewe huku wakifundisha. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Baba yake alikuwa mwalimu wa dansi pia, na alimwachia kazi hiyo kama mhunzi anavyomwachia mwanawe nyundo. Zamani hizo dansi mpya ikitungwa Paris, ilitufikia kwa miguu. Mwalimu mmoja alipita akielekea Lyon, akakaribishwa bata wa kuoka na divai, na kabla hajaondoka alikuwa amewaonyesha wenzake hatua zote sebuleni. Hilaire alizipata dansi zake zote hivyo, na alizijua vizuri sana.

Kisha yakaja makaratasi. Wakubwa wa kazi hii huko Paris waliamua kuziandika dansi kwa alama na kuzichapa, na kila majira ya baridi duka la vitabu la Gelyot lilipokea mpya. Kila ukurasa ni sakafu iliyochorwa. Sehemu ya juu ya ukurasa ndiyo upande anakokaa mkubwa wa karamu. Mistari miwili inayopinda na kuzunguka ni njia za wachezaji, mmoja wa mwanamume na mmoja wa mwanamke, na kando ya mistari zimepangwa alama za hatua, ndogo kama miguu ya mende: hapa kunja goti, hapa inuka, hapa ruka, hapa geuka.

Vijana waliyapenda makaratasi hayo. Hilaire aliyaogopa. Alama za miguu alizitambua nyingi, kwa kuwa alizijua hatua zenyewe, zilizobaki alizikisia. Gelyot aliuza pia kitabu kilichoeleza kila alama tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na siku moja Hilaire alikishika, akakifungua, akakirudisha.

"Na hicho je, Bwana Mwalimu?" Gelyot akamuuliza. "Wenzako wote wamechukua."

"Hicho wauzie wanaojifunza kutembea."

Watu waliokuwa dukani wakacheka, naye akatoka kifua mbele. Mtu akisema neno la namna hiyo mbele ya watu, hawezi tena kurudi kesho yake kukinunua kitabu kile. Amejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu ya kicheko cha watu ambao hata majina yao hakuyakumbuka.

Majira hayo hayo wakili Lazare Mugnier alimwita nyumbani kwake. Mugnier alikuwa na binti mmoja, Philiberte, na alikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Bibi de Thorey, mke wa jaji, ndiye aliyefanya karamu za dansi zilizokuwa na heshima kuliko zote mjini, na mpwa wake, Luteni Saint-Aubry, alikuwa anakuja kutoka Paris. Luteni huyo angecheza dansi mpya ya mwaka huo na alihitaji mwenzake wa kike aliyeijua.

Heshima hiyo ilikuwa na hatari yake. Katika karamu za namna hiyo watu hawachezi kwa pamoja. Jozi moja huingia katikati, na wengine wote hukaa pembeni wakitazama, wenye vyeo mbele na wengine nyuma yao. Ukikosea huko, macho yote ni yako peke yako.

"Unaijua hiyo dansi?" Mugnier akauliza.

"Wakili, unamuuliza mwokaji kama anaujua unga?"

"Nauliza kwa sababu nimeshamwambia Bibi de Thorey kwamba binti yangu anaijua."

"Basi umemwambia kweli. Ameanza kuijua sasa hivi."

Philiberte alikuwa mfupi, mwenye uso wa makini, na alikuwa na tabia ya kuuliza. Miguu yake ilikuwa sikivu. Ukurasa wa kwanza aliupata upesi, na wa pili pia. Mwishoni mwa ukurasa wa pili njia za wachezaji hupishana, na mwanamke huishia kushoto, upande uliokuwa wa mwanamume.

Hapo ndipo Hilaire alipokosea, na kosa lenyewe ni hili. Kila mwalimu anajua kwamba mwanamke huanza dansi akiwa kulia kwa mwanamume. Na kwenye karatasi, mwanzoni mwa kila mstari kuna nusu duara ndogo. Ya mwanamume ina mstari mmoja na ya mwanamke ina miwili, ili msomaji asichanganye hata wachezaji wakibadilishana pande. Hilaire hakulijua hilo. Alidhani nusu duara zile ni mapambo ya mchapaji, kama maua madogo yanayowekwa pembeni mwa vitabu vya sala. Kwa hiyo alipofika ukurasa wa tatu, alimpa Philiberte mstari wa kulia, kwa kuwa kulia ndiko kwa mwanamke. Mstari ule ulikuwa wa mwanamume.

Aliona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Ukurasa wa pili ulimwacha binti kushoto, na wa tatu, kwa jinsi alivyousoma, ulimtaka aanzie kulia. Mtu mnyenyekevu angesimama hapo akauliza. Hilaire alijisemea kwamba mchapaji amesahau kipande, akakitunga mwenyewe: mbio fupi nyepesi za kupita mbele ya mwanamume, mzunguko mmoja, na kutua upande wa kulia. Kilikuwa kipande kizuri kweli. Alikipenda kuliko dansi nzima.

Philiberte akauliza, "Bwana Mwalimu, kwa nini hapa narudi nilikotoka?"

"Kwa sababu Paris wanarudi."

"Na yeye asiporudi?"

"Atarudi tu. Wewe cheza, mawazo niachie mimi."

Philiberte akacheka, akatii. Na kwa kuwa katika mafunzo Hilaire mwenyewe ndiye aliyecheza upande wa mwanamume, akirudi kushoto kila alipomwambia binti arudi kulia, mambo yalikwenda vizuri, siku baada ya siku. Waliokosea pamoja hawagongani.

Luteni alitakiwa kufika mapema wafanye mazoezi, lakini theluji ilifunga barabara, akaingia mjini siku ile ile ya karamu. Taa ziliwashwa mapema. Hilaire alisimama karibu na wapiga fidla, mahali pa walimu. Philiberte aliingia amevaa gauni la rangi ya majani makavu, akainama kwa Bibi de Thorey, akainama kwa luteni, akaanza. Alicheza vizuri. Watu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali, na Mugnier akamgeukia jirani yake kuhakikisha kwamba anaona.

Ukurasa wa pili ukaisha. Philiberte akazianza zile mbio nyepesi. Luteni, aliyefundishwa Paris, hakuwa na mbio zozote. Alikuwa anasonga mbele pale pale alipo, kulia, kama inavyotakiwa. Wakagongana bega kwa bega.

"Upande ule, binti," luteni akamnong'oneza.

Alihamia upande ule. Naye luteni, kwa kumwonea huruma, alikuwa amehamia huko huko ili ampishe. Wakagongana tena, kama watu wawili mlangoni. Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wengine. Bibi de Thorey akainua kipepeo chake cha kujipepea.

"Mpisheni jamani, binti wa wakili anatafuta njia ya kwao!"

Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wapiga fidla wakanyamaza. Philiberte alisimama peke yake katikati ya sakafu, uso umemwiva. Akainama kwa mwenye nyumba, akainama kwa luteni, akaenda kuketi karibu na baba yake, ambaye alisogeza kiti chake kando.

Hilaire alikuwa ameshajua. Mwalimu wa dansi hahitaji kuelezwa. Alipomwona luteni akisonga mbele bila kurudi popote, aliiona dansi nzima ikiunganika, haina pengo, haihitaji kipande chochote cha kuungia. Alitazama miguu ya kijana yule akajua mchapaji hakusahau kitu. Nami sitamlaumu kwa kutosema pale pale ukumbini. Mtu aliyepigwa ghafla hupoteza kauli. Nitamlaumu kwa yaliyotokea kesho yake.

Kesho yake Mugnier alimwita. Binti alikuwa amesimama karibu na dirisha, macho yamevimba. Mugnier hakumpa kiti.

"Nataka jibu moja tu," akasema. "Nimechekwa na mji mzima. Ni huyu au ni wewe?"

"Baba, nilicheza kama alivyonifundisha," Philiberte akasema. Kisha akamgeukia Hilaire, na sauti yake haikuwa ya kushtaki, ilikuwa ya kuomba. "Bwana Mwalimu, si ulinifundisha kurudi kulia? Zile mbio fupi na mzunguko? Mwambie."

Hilaire aliwaza nyumba zote anazofundisha. Akawaza duka la Gelyot na kile kicheko. Akawaza jina la baba yake. Akasema:

"Hapana, mwanangu. Umechanganya. Zile mbio ni za dansi nyingine."

Philiberte hakubisha. Mtoto aliyelelewa kuwaheshimu walimu hakubali upesi kwamba mwalimu anadanganya. Huona rahisi zaidi kuamini kwamba kichwa chake mwenyewe kimeharibika. Akasema taratibu, "Basi nimechanganya," akatoka chumbani.

"Nilijua," Mugnier akasema. "Ni kama mama yake, mwelekeo hana."

Hilaire akainama, akaondoka.

Mji wetu hauna huruma na mtu aliyekwisha chekwa. Kabla wiki haijaisha Philiberte alikuwa amepewa jina: Binti Njia Panda. Wauza haradali walimwita hivyo sokoni. Mtumishi wao alirudi nyumbani analia kwa sababu mwokaji alimuuliza kama mkate autume kulia au kushoto. Ndugu wa kijana aliyekuwa akizungumziwa kumwoa wakapata safari za ghafla. Philiberte akaacha kutoka, hata kanisani akawa anakwenda misa ya alfajiri, ushungi umeteremshwa hadi kidevuni.

Habari iliyofuata aliileta Jacquette, mke wa Hilaire, aliporudi sokoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na hakuwa na tabia ya kuuma maneno.

"Binti wa Mugnier anaingia utawani," akasema huku anatua kikapu. "Jumatano ya Majivu watampokea. Ameomba mwenyewe."

"Nani kasema?"

"Mpishi wao. Anasema mtoto anajiona hana akili. Eti haamini kumbukumbu yake tena, anauliza kila kitu mara mbili, hata kama mlango kaufunga. Baba mtu kafurahi, mali ya kuwapa watawa ni ndogo kuliko ya kumpa mume." Akamtazama. "Mbona umeacha kula?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Hilaire, mtoto yule alikuwa hakosei. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja hapa unanisumbua, Philiberte hivi, Philiberte vile, miguu kama saa. Saa gani hiyo inakwenda vizuri kila siku halafu inasimama siku ya karamu?"

"Mambo ya dansi huyajui."

"Ya dansi siyajui. Ya kwako nayajua. Tangu siku ile umelala umenipa mgongo, kama mtu mwenye jambo."

Hilaire akamfokea aache umbea wa sokoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya katika ndoa yao. Jacquette akachukua maandazi ya jibini aliyokuwa amemnunulia, akayarudisha kikapuni, akampelekea jirani.

Ikumbukwe ni jambo gani lilikuwa mizanini. Utawa ni kitu kitakatifu kwa aliyeitwa. Kwa aliyekimbilia huko kwa aibu ni kaburi lenye dirisha. Na aibu yenyewe haikuwa yake. Hilaire alikuwa na siku chache za kusema neno moja, na kila asubuhi aliamka akaamua kulisema, na kila jioni akalala nalo. Alijipa sababu. Alisema binti atasahau. Alisema utawani watu huishi kwa amani. Hata alifikia kujiambia kwamba huenda kweli yeye Hilaire ndiye asiyekumbuka vizuri, kwamba labda alimfundisha sawasawa. Mtu anayejidanganya mpaka hapo yuko karibu kupotea kabisa.

Kilichomwokoa si ujasiri wake. Zilipobaki siku tatu kabla ya Majivu, alikwenda kwa Mugnier kuchukua viatu vyake vya kufundishia alivyoviacha pale. Mtumishi akamwambia asubiri chumba cha juu. Akasimama dirishani, akatazama uani.

Theluji ilikuwa imeanguka asubuhi ile, laini na safi, na Philiberte alikuwa katikati yake, amejifunga shali, anacheza. Hakukuwa na muziki. Alicheza akiwa ameinamisha kichwa, anaitazama miguu yake mwenyewe kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alifika mwisho wa ukurasa wa pili, akafanya mbio fupi nyepesi, akazunguka, akatua kulia. Akasimama. Akatazama nyayo zake nyuma. Kisha akarudi mwanzo, akaanza tena, akikanyaga mle mle.

Toka juu Hilaire aliiona dansi yote imeandikwa kwenye theluji. Ilikuwa kama alivyoifundisha, nukta kwa nukta, na kile kipande chake cha kujitungia kikiwa katikati kama mshono mbaya kwenye nguo nzuri. Mtoto hakuwa amesahau chochote. Alikuwa anatafuta kosa ndani ya mwili wake, na kosa halikuwamo.

Akashuka uani bila viatu alivyovifuata.

"Bwana Mwalimu," Philiberte akasema, akajifuta pua haraka. "Afadhali umekuja. Nionyeshe. Nimejaribu kuitoa hii mbio miguuni imekataa. Ile sahihi iko wapi? Nataka niijue tu kabla sijaenda. Sitaki kwenda huko nikiwa bado najiuliza."

"Hiyo ndiyo niliyokufundisha."

Hakumwelewa. "Ulisema ni ya dansi nyingine."

"Si ya dansi yoyote. Niliitunga. Zile karatasi siwezi kuzisoma vizuri, Philiberte. Nilikupa njia ya mwanamume, na wewe uliicheza bila kosa hata moja. Nililijua hilo ukumbini. Nililijua pia siku ile mbele ya baba yako."

Alikuwa ameinamisha macho wakati anasema. Alipoyainua, aliona uso ambao hakuutarajia. Alikuwa ametarajia machozi, labda nafuu. Binti alikuwa amekasirika kiasi kwamba midomo ilikuwa myeupe.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Nimekaa naamka usiku nagusa mlango kama nimeufunga. Mimi! Nilidhani nakuwa kichaa. Na wewe ulikuwa unajua? Ulinitazama machoni ukaniita mwanangu?"

"Ndiyo."

"Usiniite hivyo tena."

"Sitakuita."

"Na usije hapa uani kuninong'oneza. Walinicheka watu wote, wewe unakuja kuniambia mimi peke yangu, kwenye theluji, ambako hakuna anayesikia? Kaseme kule walikocheka."

Mugnier alikuwa amesikia sauti, akatoka mlangoni na kofia ya ndani kichwani. Hilaire akamrudia maneno yale yale. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, na alipomaliza, alilitazama dirisha la jirani kwanza, kisha akazungumza kwa sauti ya chini.

"Sasa nani anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi tuishie hapo. Mimi nimeuambia mji huu kwamba nimemwajiri mwalimu bora kuliko wote. Unataka watu waseme Mugnier amemkabidhi binti yake kwa mtu asiyejua kusoma karatasi? Msichana akisahau hatua, ni msichana. Mimi nikichagua mjinga, ni mjinga mimi."

"Baba," Philiberte akasema.

"Wewe ulishaamua kwenda utawani."

"Niliamua nikidhani akili yangu inanidanganya. Sasa sijui nimeamua nini."

Hilaire aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza aliiona aibu yake ikiwa imevaa kofia ya mtu mwingine, ikizungumza kwa sauti ya chini na kuchungulia madirisha. Ilikuwa mbaya sana kuitazama. Akawaaga.

Jumanne, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, Bibi de Thorey alifanya karamu yake ya kufungia majira. Hilaire aliingia na wapiga fidla kama kawaida. Jozi ya kwanza ilipomaliza na kabla ya pili haijaitwa, alitoka mahali pake, akatembea hadi katikati ya sakafu, pale pale, akainama. Kwa mwalimu kusimama hapo bila kuitwa ni utovu wa adabu ambao mjini kwetu haukuwa umeonekana. Mazungumzo yakakatika.

"Bibi," akasema, "binti Philiberte Mugnier hakukosea katika nyumba hii. Nilimfundisha vibaya mimi. Siwezi kusoma dansi zilizoandikwa. Nilikisia, na baba yake aliponiuliza, nilimsingizia mtoto."

Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mungu wangu, na wangu je? Anamfundisha tangu mwaka juzi!" Hapo manung'uniko yakasambaa kama moto wa nyasi, kila mzazi akikumbuka dansi aliyolipia, kila kijana akijiuliza anacheza nini.

Bibi de Thorey hakupenda kuharibiwa karamu. Akafunga kipepeo chake.

"Tutajuaje kwamba hujapewa kitu na wakili ili useme hivyo? Tuonyeshe. Mpwa wangu yuko hapa. Cheza upande wa mwanamke, kama ulivyomfundisha."

"Shangazi," luteni akasema, "huyu ni mzee."

"Mzee ana miguu. Ametuambia ni mwalimu."

Luteni akaja, uso wake ukionyesha kwamba angependa kuwa mahali pengine. Hilaire akashika pembe za koti lake la kahawia kama mwanamke anavyoshika gauni, kwa kuwa ndivyo dansi inavyotaka, na kicheko kikaanza hapo hapo. Akacheza. Ukurasa wa kwanza aliucheza kwa uzuri ambao uliwanyamazisha baadhi ya watu, na wa pili vile vile. Kisha akazianza zile mbio fupi. Angeweza kuzifanya nusu nusu. Alizifanya kikamilifu, kama alivyomfundisha binti, akazunguka, akamgonga luteni begani, akahamia upande wa pili akamgonga tena. Goti likamsaliti, akaanguka chini kwa mikono yake miwili mbele ya wenye vyeo wote wa mji.

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. "Njia Panda! Mzee Njia Panda!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na jina likahama pale pale kutoka kwa msichana kwenda kwa mwenye nalo. Luteni alimwinua. Hilaire akainama kwa mwenye nyumba, akachukua fidla yake, akatoka. Mugnier alikuwa amekaa safu ya pili, amegeukia ukuta.

Wako waliosema baadaye kwamba lilikuwa tendo la kishujaa. Sikubaliani nao. Shujaa ni yule ambaye angenunua kitabu kwa Gelyot. Hilaire alirudisha alichoiba, na mwizi anayerudisha mali hapewi zawadi. Anaachiwa tu aende zake. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na Jacquette alipotaka kumpangusa goti na kumwambia amefanya vizuri, alimwomba asiseme hivyo.

Asubuhi ya Majivu alikwenda kanisani, akapakwa majivu usoni pamoja na wengine, na vijana mlangoni wakamuuliza njia ya kwenda sokoni ni kulia au kushoto. Akawajibu kwa upole kwamba ni kushoto. Nyumba zote zilikuwa zimeshamtumia ujumbe kwamba asije tena. Kisha, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa bado kwa Mugnier, akaenda kubisha.

Alifungua Philiberte mwenyewe, viatu mkononi. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, kikapu begani, na kichwani hakuwa na ushungi.

"Watawa nimewatumia salamu," akasema. "Siendi."

"Namshukuru Mungu."

"Baba hazungumzi na mimi. Nami sijakusamehe, Bwana Mwalimu. Nimejaribu tangu jana niliposikia, sijaweza. Sitaki nikudanganye."

"Usinidanganye," Hilaire akasema.

Philiberte akampa viatu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, na hakurudi kuugusa kuhakikisha. Akampita pale kizingitini, akateremka mtaani kwenda sokoni mchana kweupe, na Hilaire akabaki amesimama, kichwa wazi, viatu vimemning'inia mkononi, hadi binti alipopotea kwenye kona.